Dar es Salaam hadi Butiama kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Msafara wa Hisani

Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na tarehe hiyo inapokaribia waendesha baiskeli huondoka Dar es Salaam kwenda Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa na alikozikwa. Msafara unaojulikana zaidi ni Twende Butiama. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu mwenye kazi na familia, anayeweza leo kuendesha kilomita 30 bila taabu, na anayetaka kumaliza safari ya namna hiyo akiwa mzima huku michango ya watu ikiwa imefika ilikokusudiwa. Waandaaji hupanga njia zao wenyewe. Hapa tunachukua barabara ya kati: Chalinze, Morogoro, Gairo, Dodoma, Manyoni, Singida, Igunga, Shinyanga, Mwanza na Bunda. Ni takribani kilomita 1,300, yaani siku kumi za kilomita 130 kwa wastani.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: safari ya siku kumi huharibika katika siku mbili za mwanzo. Anayeshushwa kwenye baiskeli Manyoni kwa kawaida aliumia kabla ya Morogoro, alipokimbizana na wenzake, akasahau kula, au akapuuza kiti kilichokuwa chini kwa sentimita moja. Karibu kila ushauri ulio hapa chini umelenga kukufikisha siku ya tatu ukiwa bado na mwili wako.

Fedha kabla ya baiskeli

Kabla hujalipa ada, waulize waandaaji mambo haya na utake majibu kwa maandishi. Taasisi imesajiliwa, na cheti kiko wapi? Michango inaingia kwenye akaunti ya taasisi au ya mtu? Ada ya ushiriki inalipia nini hasa: malazi, chakula, gari la huduma, mhudumu wa afya? Je, kuna sehemu ya michango inayolipia gharama za waendeshaji? Polisi wa usalama barabarani wa mikoa yote mtakayopita wamearifiwa? Mwandaaji makini huyajibu yote kwa siku moja. Anayezungukazunguka, muache.

Ushauri wetu ni kwamba ada, chakula na vipuri ujilipie mwenyewe, na kila shilingi ya mchangiaji iende kwenye lengo. Ukishindwa kujilipia, mwambie mchangiaji wazi kabla hajatoa. Watu hawakatai kukusaidia nauli na chakula, ila wanaumia wakigundua baadaye kwamba walidhani wananunua dawati la shule.

Anza kuchangisha wiki kumi kabla ya kuondoka. Omba kwa kitu kinachohesabika: uliza mafundi wa eneo husika bei ya dawati moja au ya neti moja, kisha taja bei hiyo. Njia nyingine inayoeleweka haraka ni mchango kwa kilomita. Mtu akiahidi shilingi 100 kwa kilomita, kwa kilomita 1,300 atatoa 130,000, na anaweza kuilipa kidogo kidogo. Mkubaliane mapema itakuwaje usipomaliza. Walio wengi watatoa yote hata hivyo, lakini waamue wao.

Tumia lipa namba au akaunti ya taasisi, si namba yako binafsi. Daftari lako liwe na safu tano: tarehe, jina, ahadi, kilichotolewa, namba ya muamala. Ujumbe wa jumla kwenye kundi la WhatsApp huleta pongezi nyingi na fedha kidogo, ila ukimwandikia mtu mmoja mmoja kwa jina lake, wengi hujibu. Fuatilia ahadi zote kabla ya siku ya kuondoka. Ukisharudi, moyo wa kutoa unakuwa umepoa.

Baiskeli ya kuaminika

Baiskeli ya gia moja imewafikisha watu mbali, lakini kilomita 130 kila siku kwa siku kumi zinahitaji gia. Barabara inapanda kutoka pwani hadi takribani mita 500 Morogoro, zaidi ya mita 1,100 Dodoma, na mita 1,500 Singida. Gia nyepesi zaidi iwe na meno ya nyuma angalau sawa na ya mbele, kwa mfano 34 mbele na 34 nyuma, au 32 nyuma kama miguu yako ina nguvu. Baiskeli ya mlimani inafaa kabisa ukiivua matairi yenye meno makubwa na kuivalisha ya lami.

Kipimo cha kiti ndicho muhimu kuliko bei ya baiskeli. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unatakiwa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maumivu mbele ya goti mara nyingi humaanisha kiti kiko chini mno, na nyuma ya goti, juu mno. Rekebisha milimita tatu hadi tano kwa wakati, kisha uendeshe siku mbili kabla ya kugusa tena. Ukishapata kimo chako, zungushia utepe kwenye nguzo ya kiti, kwa sababu itachomolewa wakati wa kupakiwa kwenye basi na hakuna atakayekumbuka ilikuwa wapi.

Matairi yawe na upana wa milimita 28 hadi 35 kwa baiskeli ya barabarani. Kwa mtu wa kilo 70, tairi la 28 lijazwe karibu psi 80 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), la 32 karibu 65, na la baiskeli ya mlimani lenye upana wa inchi 1.75 hadi 2 kati ya 40 na 50. La nyuma liongezwe kidogo kuliko la mbele. Kidole gumba hakipimi upepo, kwa hiyo nunua pampu yenye geji. Angalia pia valvu zako. Pampu nyingi za mafundi wa njiani ni za valvu ya zamani yenye kipira, na pampu za vituo vya mafuta ni za valvu ya gari. Kama zako ni zile nyembamba ndefu, beba adapta mbili ndogo za shaba, moja kwenye mfuko na nyingine imefungwa kwenye valvu yenyewe.

Pima cheni kwa rula ya inchi. Kutoka pini moja hadi ya 25, yaani viungo 24, ni inchi 12 kamili kwenye cheni mpya. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, ibadilishe. Ikizidi kwa 1/8, meno ya gia yamekwisha kuliwa nayo, na cheni mpya itaruka juu yake. Badilisha wiki tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia. Wakati huohuo fundi anyooshe rimu, akaze spoku, aweke grisi na gololi mpya kwenye habu zilizolegea, na abadilishe waya za breki na gia. Waya uliofumuka nyuzi moja leo utakatika kesho kutwa.

Mazoezi ya wiki 12

Endesha siku nne kwa wiki. Siku mbili za katikati ya wiki ni saa moja moja, na moja kati ya hizo iwe na mlima. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Pugu hadi Kisarawe panatosha. Jumamosi ni safari ndefu na Jumapili ni ya kuchosha miguu ambayo tayari imechoka.

Katika wiki ya kwanza hadi ya nne, Jumamosi ipande kutoka kilomita 40 hadi 60. Wiki ya tano hadi ya nane, kutoka 70 hadi 100, na Jumapili uongeze 40 au 50. Wiki ya tisa na ya kumi ndizo mtihani: 120 Jumamosi, 90 Jumapili, ukianza saa 12 asubuhi siku zote mbili, na mzigo ule ule utakaobeba. Kwenda Bagamoyo na kurudi kunakupa zaidi ya kilomita 100 pamoja na upepo wa bahari. Wiki ya 11 punguza nusu. Wiki ya 12 endesha mara tatu tu, kilomita 20 hadi 30, kwa wepesi. Mazoezi ya wiki ya mwisho hayakuongezei nguvu, yanakutia uchovu.

Mwendo sahihi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Huo huo ndio mwendo wa msafara.

Kaptula yenye sponji ivaliwe bila chupi, tangu mazoezini. Kiti kipya, viatu vipya na kaptula mpya havijaribiwi barabarani Kibaha.

Vya kubeba

Hata gari la huduma likiwepo, linaweza kuwa kilomita 20 nyuma likimsubiri mwingine. Wewe mwenyewe beba tyubu mbili, viraka sita, solusheni, msasa, vifaa viwili vya kutolea tairi (vya plastiki ngumu ni bora), pampu, seti ya spana za L, kifaa cha kukatia cheni na kiungo kimoja cha kuungia, vipande vya tairi kuukuu vyenye urefu wa sentimita nane, na mita moja ya utepe mpana. Kwenye gari liweke tairi moja, cheni, waya za gia na breki, raba za breki na spoku sita za urefu wako. Urefu wa spoku hutofautiana hata kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, kwa hiyo pima kwanza.

Pancha nyingi kwenye barabara hii hutokana na vitu viwili: waya mwembamba wa matairi ya malori yaliyopasuka, na miiba ya migunga kuanzia Dodoma kwenda mbele. Waya huo hauonekani kwa macho. Ukitoa tyubu, pitisha kitambaa cha pamba taratibu ndani ya tairi lote. Kitakwama kwenye ncha. Anayeruka hatua hii hupata pancha ya pili baada ya dakika kumi. Ukibandika kiraka, kwaruza eneo hadi mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba, subiri dakika tano hadi ikauke na kupoteza unyevu, ndipo ubandike na kukandamiza. Kiraka kilichowekwa juu ya gundi mbichi hufunguka jua la saa sita likipasha lami.

Siku ilivyo barabarani

Kwa kilomita 20 kwa saa, kilomita 130 ni saa sita na nusu za kukanyaga. Ongeza saa moja na nusu za kusimama. Ukiondoka saa 12 asubuhi, unafika saa 8 mchana. Kila nusu saa unayochelewa asubuhi unailipa kwenye joto la mchana.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Safari hii inaelekea magharibi, hivyo jioni dereva anayekuja nyuma yako ana jua machoni, na wewe uko ndani ya mng'ao huo. Taa nyekundu ya nyuma iwake mchana kutwa, na saa 10 alasiri ikute baiskeli imeshafungwa.

Waendeshaji wagawanywe makundi ya watu wanane hadi 12, na kati ya kundi na kundi pawe na mita 200 au zaidi, ili lori likipita kundi moja lipate pa kurudi upande wake. Kwenye barabara kuu ni mstari mmoja. Acha nafasi ya karibu mita moja hadi gurudumu lililo mbele, wala usiruhusu tairi lako la mbele liingie pembeni ya la nyuma la mwenzako. Akiyumba tu, wewe ndiye utakayeanguka, na walio nyuma yako watakufuata. Wa mbele huita na kuonyesha kwa mkono: shimo, tuta, rasta (matuta madogo ya mfululizo), gari mbele. Wa mwisho huita gari nyuma. Kila dakika kumi wa mbele anahama kwenda mwisho.

Basi likiwa linakuja mbele yako huku linalipita lori, usisubiri kuona kama litakupisha. Shuka. Ukingo wa lami mara nyingi uko juu ya udongo, hivyo punguza mwendo, toka kwa pembe iliyo wazi, kaa wima na usikanyage breki ya mbele kwenye mchanga. Kurudi ndiko kunakowaangusha watu zaidi: tairi linasugua ukingo, haliupandi, na mwili unarushwa upande wa magari. Simama kabisa, inua baiskeli, uiweke juu ya lami.

Chakula na maji

Kula kabla hujasikia njaa, kila dakika 30 hadi 40, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Hesabu ni rahisi: ndizi mbivu moja ya wastani au tende nne za kawaida zina takribani gramu 25. Kashata ya karanga ni chakula bora cha baiskeli kwa kuwa haiyeyuki, inakaa mfukoni na inauzwa karibu kila kituo cha mabasi. Asubuhi uji wa ulezi na chapati mbili, saa moja kabla ya kuondoka. Nyama choma na vyakula vya mafuta viache hadi jioni, maana mchana vitalala tumboni.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na hadi lita moja kwenye joto kali. Chupa moja iwe maji matupu, nyingine ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini): pakiti moja kwa lita moja. Ukikosa pakiti, changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwenye lita ya maji safi. Kunywa maji matupu kupita kiasi kuna hatari yake, kwani hushusha chumvi ya damu. Kichwa kinauma, vidole vinavimba, kichefuchefu kinakuja, mtu anachanganyikiwa na wenzake wanazidi kumnywesha. Wakati wa mazoezi jipime uzito kabla na baada ya safari ndefu. Kilo moja iliyopungua ni lita moja hivi uliyopungukiwa, na ukirudi na uzito ulioongezeka, ulikunywa mno.

Njia yenyewe

Dar es Salaam hadi Kibaha hatari kubwa ni foleni, boda boda na mabasi yanayokimbilia stendi. Kundi likianzia Kibaha alfajiri, hakuna aliyekosa kitu. Chalinze hadi Morogoro ni siku fupi. Iache iwe fupi. Hapa ndipo vijana hushindana.

Morogoro hadi Gairo ndiyo siku ya kwanza ya kweli. Baada ya Dumila barabara inaanza kupanda, na mwili unaliona jua kavu lisilo na upepo wa bahari. Jasho hukauka kabla ya kuonekana, hivyo kunywa kwa saa, si kwa kiu.

Kutoka Dodoma unashuka hadi tambarare ya Bahi, kisha unapanda kingo za Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Upepo wa msimu huu hutoka kusini mashariki na mara nyingi utakuwa mgongoni. Unafurahisha, lakini upepo unaotembea nawe haukupoozi, na joto hupanda mwilini bila kuhisi. Mwenzako akiacha kutoa jasho, akayumba au akajibu maswali ovyo, msimamishe, mweke kivulini, mmwagieni maji mwili mzima huku mkimpepea, na apelekwe hospitali. Huyo haendelei siku ile hata akisisitiza.

Manyoni hadi Singida barabara inageukia kaskazini na upepo unakuja kutoka kulia. Lori likikupita linauziba upepo kwa sekunde mbili na baiskeli inavutwa kuelekea kwenye lori. Shika usukani wa chini kwa mikono yote, legeza viwiko, usiuegemee upepo.

Mbele ya Singida kuna mteremko wa Sekenke, wenye kona kali na malori yanayojikokota. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Bana breki kwa vipindi vifupi vya nguvu. Ukizishika moja kwa moja, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Usilipite lori kwenye kona hata kama linakwenda polepole kuliko mtu wa miguu.

Igunga hadi Mwanza ni tambarare ndefu. Hapa makalio na mikono ndiyo hulalamika. Paka vaselini kila asubuhi, kaptula ifuliwe kila jioni na ikauke kabisa, na mchubuko usafishwe kwa maji na sabuni usiku uleule. Jipu likianza, pumzika siku moja kwenye gari. Ganzi ya vidole inatokana na kuegemea viganja: badilisha namna ya kushika kila dakika tano, na angalia kama ncha ya kiti haijainama mbele.

Baada ya Butiama

Kwenye basi la kurudi, vua pedali na gurudumu la mbele, na upande wa cheni uwe juu. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, kinyume cha kawaida. Fremu nyingi hukwaruzwa na mtu anayeilazimisha upande usio wake.

Ndani ya wiki mbili, mwandikie kila mchangiaji: kiasi alichotoa, jumla iliyopatikana, tarehe iliyokabidhiwa, imenunua nini, na kilomita ulizoendesha kweli. Ukipanda gari kilomita 60 kati ya Nzega na Shinyanga, ziandike. Ambatisha risiti ya taasisi na picha ya kilichonunuliwa. Kwa waliotoa ahadi na hawajalipa, tuma taarifa ileile, bila neno la ziada.